Nani Afyeke Uwanja wa Wote?

Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya vikundi vya vijana na wakazi wa mitaa

Assalamu alaykum. Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, ndugu zangu wa Ngamiani, Makorora, Chumbageni, na ninyi mliokuja kwa baiskeli kutoka Mabawa, asanteni kwa kufika.

Nimeombwa nizungumze juu ya viwanja vya kuchezea na bustani za umma: kwa nini vinaharibika, na nani wa kuvitunza. Nitapitia mchezo ambao wengi hapa hamjauona, gofu ya visahani, kwa sababu yanayoua uwanja wa umma na yanayoufufua yanaonekana humo waziwazi.

Mchezaji ana kisahani cha plastiki, uzito wake mara nyingi gramu 150 hadi 180. Anasimama kwenye kijukwaa, anakirusha kuelekea kikapu cha chuma kilicho juu ya nguzo. Juu ya kikapu inaning'inia minyororo, kisahani kikiigonga kinadondokea ndani. Kisipofika, anakifuata kilipoangukia na kurusha tena. Vikapu huwa 9 au 18, vimetawanyika kati ya miti, na mwenye mitupo michache kuliko wenzake ndiye mshindi. Uwanja wa kwanza wa kudumu uliwekwa mwaka 1975 huko Oak Grove, California, na Ed Headrick, aliyekuwa mtu wa Wham-O, kampuni iliyouza visahani vya Frisbee. Mwaka uliofuata akaanzisha chama cha wachezaji, PDGA. Tangu hapo mchezo umeenea Marekani na Ulaya ya Kaskazini, na umepata mizizi hasa Ufini, nchi ulipo mji wa Kemi wenye udugu na jiji letu.

Viwanja vingi vya mchezo huu ni vya umma. Viko kwenye bustani na misitu ya halmashauri, na watu hucheza bure. Kuvijenga si gharama kubwa: ardhi haisawazishwi, nyasi hazimwagiliwi, miti inabaki ilipo. Hatari ndiyo hiyo. Uwanja uliojengwa kwa fedha kidogo huzinduliwa kwa picha na makofi, halafu bajeti ya mwaka unaofuata haina fungu lake.

Naomba tukae kidogo hapa, tuone unavyokufa.

Kila mchezaji lazima afike kwenye kikapu. Miguu mia, miguu elfu, mahali pale pale. Udongo unashindiliwa mpaka hauingizi maji. Nyasi zinakufa. Mvua ikija, maji hayazami, yanatiririka na kuchukua udongo wa juu, mizizi ya mti wa jirani inabaki nje, watu wanaikanyaga, na mti ulioipa njia ile kivuli unaanza kukauka. Miti ya mbele nayo inapigwa na visahani kila siku, gome linachubuka. Kijukwaa kama ni cha udongo kinachimbika kikawa shimo la tope, mtu anateleza na kuteguka mguu. Minyororo inashika kutu, na sisi wa pwani tunajua chumvi ya bahari inavyokula chuma. Kikapu kimoja kikipinda na kukaa wiki mbili bila mtu kukigusa, mnunuzi wa vyuma chakavu ameshakiona.

Halafu zinakuja nyasi. Zikifika magotini visahani vinapotea, na mtu akipoteza viwili vitatu harudi tena. Wachezaji wakiondoka, macho yameondoka. Taka zinaanza kutupwa usiku. Akina mama wanaacha kupita na watoto. Siku moja mtu mwenye suti anasimama pale na kusema: eneo hili halitumiki. Kutoka kwenye neno hilo hadi kwenye vigingi vya kupima viwanja vya kuuza si mbali, na ndugu zetu wa Dar es Salaam wana mifano ya kutosha ya maeneo ya wazi yaliyokwenda. Kwa hiyo ninapowaambia fyekeni, sizungumzii urembo. Nyasi zilizofyekwa ni ushahidi kwamba mahali pana watu.

Wenzetu waliofufua viwanja vyao wamefanya mambo ya kawaida kabisa. La kwanza ninalolipenda ni kuhamisha kikapu. Wanazika mabomba mawili au matatu ya kusimikia nguzo, mbalimbali kidogo, kisha kikapu kinahamishwa kwa zamu ili ardhi ipumzike na nyasi zirudi. Matawi yaliyopogolewa hayachomwi. Yanakatwakatwa na kutandazwa penye mapito, yakinge udongo na mizizi. Mbele ya mti unaopigwa sana wanasimika miti mikavu iupokee mtupo. Na kila kikapu kina wenyewe: familia, au marafiki, au darasa la shule, ambao pale ni pao kwa mwaka mzima.

Hili la mwisho tunaliweza. Ngamiani yetu imegawanyika kwa barabara zenye namba. Tuchukue bustani moja, kila barabara ipewe pembe yake, ijulikane. Wazee mliotoka Lushoto na Same mmekulia kwenye msaragambo: mfereji ukiziba, kila nyumba inatoa mtu, hakuna anayesubiri barua. Na tangu sherehe za Uhuru za Desemba 9, 2015 zilipogeuzwa kuwa siku ya usafi, nchi nzima imeizoea Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ni jambo jema, ila kwa uwanja halitoshi. Masika ya Tanga huotesha nyasi kwa siku chache. Kati ya Machi na Mei fyekeo lipite kila baada ya wiki mbili, kabla bua halijakomaa. Mitaro izibuliwe Februari, ardhi ikiwa kavu. Miche ipandwe mvua zinapoanza. Kutu ikwanguliwe na rangi ipakwe Julai na Agosti, wakati wa kipupwe. Na tafadhali, kiberiti kikae nyumbani. Moto unaonekana kazi rahisi, lakini unaacha ardhi tupu, na kwenye miteremko inayoelekea bandarini ardhi tupu inaishia baharini.

Kuna kijana ameniuliza nje: sisi tunalipa kodi na ushuru, kwa nini tufyeke bure? Swali lake ni la haki, na sitaki mtu alitumie neno kujitolea kuisamehe halmashauri wajibu wake. Gari la taka, maji, taa, na ulinzi wa mipaka ya eneo ni kazi ya jiji. Yaandikwe. Wachezaji wa gofu ya visahani wanaofanikiwa huwa na makubaliano ya maandishi: ardhi ni ya halmashauri, kazi hii ni yetu, kazi ile ni yenu. Bila karatasi hiyo, mkitengeneza mahali pakapendeza, mnaweza kuwa mmempendezeshea mwingine.

Jambo jingine linaniumiza kwa sababu nimeliona mara nyingi. Kikundi kinaanza na watu thelathini, baada ya muda anabaki mtu mmoja na fyekeo lake. Tunamsifu, tunamwita mwanaharakati, na tunamwacha peke yake mpaka achoke au ahame, na uwanja unarudi kuwa pori. Msimwache mtu wa namna hiyo. Wekeni daftari: tarehe, nani alikuja, nini kilifanyika, kifaa kipi kiko kwa nani. Zamu ibadilike. Funguo za stoo ziwe kwa watu wawili, mmoja wao mwanamke, kwa kuwa wanaojua ni saa ngapi mahali hapafai kupita ni wanawake, na hawaulizwi.

Ninachoomba leo ni vitu viwili. Kabla ya kutoka, kila barabara iandike majina ya watu wanne kwenye daftari lililo mezani. Na wajumbe mliopo, suala la makubaliano ya maandishi liingie kwenye ajenda ya mkutano wa mtaa unaokuja, muhtasari wake upelekwe kwa mtendaji. Mama wa kiti cha mbele alinyoosha mkono zamani, tuanze na yeye.