Taa Nne za Kando ya Njia: Mwanga Unaompimia Rubani Pembe ya Kutua

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu na ninyi wanafunzi, jambo hili nimelisema katika kumbi nyingi, na leo ninalirudia hapa Dodoma kwa sababu ya uwanja mpya wa ndege wa kule Msalato. Tunapouzungumzia, tunataja urefu wa njia ya kurukia, mita 3,600, kisha tunahamia kwenye jengo la abiria. Taa zinazomwonyesha rubani kama yuko juu mno au chini mno hatuzigusi.

Nazungumzia zile taa nne zinazopangwa mstari mmoja, kwa kawaida kushoto kwa njia, ambazo marubani huziita PAPI. Zilibuniwa Uingereza katika miaka ya 1970 na Tony Smith na David Johnson wa Royal Aircraft Establishment, kituo cha utafiti wa ndege kilichokuwa Bedford. Wengi huamini kwamba yupo mtu kwenye mnara wa kuongozea ndege anayezibadilisha rangi ndege inapokaribia, na imani hiyo naomba tuachane nayo leo. Kila taa hutoa wakati wote mwanga wa rangi mbili, nyeupe juu na nyekundu chini, na mpito wa rangi moja kwenda nyingine hautakiwi kuzidi dakika 3 za pembe, yaani sehemu 3 kati ya 60 za nyuzi moja. Kinachobadilika ni mahali lilipo jicho la rubani.

Tuchukue mteremko wa kawaida wa nyuzi 3. Taa iliyo mbali zaidi na njia huelekezwa nyuzi 2 na dakika 30, ya pili nyuzi 2 na dakika 50, ya tatu nyuzi 3 na dakika 10, na iliyo karibu na njia nyuzi 3 na dakika 30. Kwa hiyo rubani anayeona nyeupe mbili na nyekundu mbili yuko juu ya pembe ya taa ya pili na chini ya pembe ya taa ya tatu, katika ukanda wa dakika 20 tu. Sasa pigeni hesabu pamoja nami. Akiwa umbali wa kilomita 5, ukanda huo una kimo cha mita 29 hivi. Akifika kilomita 1, umebaki chini ya mita 6. Kadiri ardhi inavyokaribia, ndivyo mwanga unavyodai usahihi mkubwa zaidi, bila mtu yeyote kugusa swichi. Akiona nyekundu zote nne, yuko chini mno, na lazima achukue hatua papo hapo.

Nitaulizwa, kama ninavyoulizwa kila mara: kwa nini tusitumie redio? Tutumie, tena panapowezekana. Mfumo wa redio wa kumwongoza rubani kutua hutuma mawimbi yenye alama mbili, ya hezi 90 na ya hezi 150, na chombo ndani ya ndege huzilinganisha. Lakini ndege ndogo inayomfuata mgonjwa mkoani haikuti mitambo hiyo kila inapotua, ilhali taa hizi hazidai chombo chochote ndani ya ndege.

Wengine husema rubani mzoefu hahitaji taa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Conrad Kraft wa Boeing aliwajaribu marubani wazoefu katika chumba cha kuigiza urukaji, mbele yao giza tupu na mji wenye taa upande wa mbali. Baadhi yao walishuka chini mno huku wakiamini wako sawa. Nyika za Ugogo usiku usio na mbalamwezi ni giza la namna hiyo hiyo.

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi niseme haraka. Ukungu na vumbi huifanya nyeupe ionekane ya manjano. Ipo pia mifumo inayoongeza msimbo wa kumetameta, ambapo nyekundu inayopigapiga humaanisha uko chini sana. Redio ikikatika, mnara nao una taa yake ya mkono: kijani tulivu ni ruhusa ya kutua, nyekundu ya kumetameta ni katazo.

La mwisho ni bajeti. Msingi wa taa ukititia na pembe ikahama nusu nyuzi, kosa katika kilomita 5 ni mita 44 hivi. Fundi wa kupima pembe na kusafisha lenzi awekewe fungu lake tangu mwaka wa kwanza. Karibuni kwa maswali.