Mgebuka kwenye skrini nyeusi

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za mchana. Nashukuru kwa kunialika hapa Kigoma, ila kabla sijaanza naomba kijana mmoja aje mbele. Wewe kaka mwenye fulana ya njano, njoo. Hiyo skrini nyeusi mnayoiona ukutani ni Vim, programu ya kuhariri maandishi, ndani ya terminali, yaani dirisha la kuiandikia kompyuta amri. Faili lina mistari mitatu: mawese, kuhe na dagaa, kila kimoja na bei yake. Bei ya dagaa nimeipandisha sasa hivi mbele ya macho yenu. Haya kaka, ongeza jina moja tu la samaki chini ya dagaa: mgebuka.

Mmeona? Kabonyeza herufi saba na mgebuka haupo. Halafu bei ya dagaa imerudi ile ya zamani. Msimcheke, mashine imemsikiliza kila herufi.

Tuzifuate moja moja. Herufi m inaweka alama, kama mvuvi anavyoacha boya ziwani, na g ikawa jina la alama hiyo. Kisha e ikapeleka kishale, ile alama inayoonyesha ulipo, mwisho wa neno, b ikakirudisha mwanzo. Iliyoleta balaa ni u: inatangua badiliko la mwisho, ndiyo maana bei ya dagaa imeshuka. Halafu k ikapandisha kishale mstari mmoja. Ya mwisho, a, ndiyo iliyofungua mlango wa kuandika. Angerudia neno lilelile sasa hivi, mgebuka ungetokea, tena katikati ya mstari wa kuhe.

Kwa hiyo, Vim ukiifungua haisubiri uandike. Inasubiri amri. Ukitaka kuandika unabonyeza i, ukimaliza unabonyeza kitufe cha Esc, unarudi kwenye amri. Wengi mnaona huu ni ukorofi wa makusudi. Lakini hebu hesabu kazi yako ya siku kwenye seva, ile kompyuta ya mbali unayoiendesha kwa mtandao: unaandika kiasi gani, na unarekebisha kiasi gani? Mimi naweza kumaliza asubuhi nzima nikibadili namba mbili, nikifuta mstari, nikihamisha mwingine. Hariri ndiyo kazi, kuandika ni mgeni.

Na kwa nini herufi moja moja? Turudi 1976, Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani. Bill Joy anatengeneza vi, mzazi wa Vim, huku akitumia modemu, kifaa cha kupitisha data kwenye laini ya simu, ya bodi 300, yaani kama herufi 30 kwa sekunde. Ukurasa mmoja wa skrini ulikuwa unachukua dakika nzima kujichora. Kibodi yake, ya terminali iitwayo ADM-3A (siku hizo terminali ilikuwa kifaa kizima chenye skrini na kibodi), ilikuwa na mishale iliyochorwa juu ya h, j, k na l, na ndiyo maana mpaka leo herufi hizo zinakwenda kushoto, chini, juu na kulia.

Wazee mnaikumbuka telegramu ya posta. Ulilipa kwa neno, kwa hiyo hukuandika salamu za ukoo mzima. Uliandika "Baba mgonjwa njoo" basi. Amri za vi ni telegramu. Nami nikiwa Mwanga usiku, mtandao unasuasua, seva iko nchi nyingine, sioni kama 1976 ni mbali sana. Programu zenye madirisha na picha zinakwama. Hii inatuma herufi mbili na kazi imekwisha.

Sasa, kosa ambalo nimeliona kwa kila ninayemfundisha: anachapa karatasi yenye amri 100, anaibandika ukutani, anakariri. Baada ya wiki amebaki na tano. Acheni hiyo karatasi. Hizi amri zina sarufi. Kuna vitenzi: d ni futa, c ni badili, y ni nakili. Kuna umbali wa kwenda: w ni mpaka neno linalofuata, $ ni mpaka mwisho wa mstari, G ni mpaka mwisho wa faili. Unaunga tu. Futa neno, dw. Futa mpaka mwisho wa mstari, d$. Ukishajua kwamba t ni mpaka kabla ya herufi fulani, basi "futa mpaka kwenye koma" ni dt na koma yenyewe. Hakuna aliyekufundisha, umeitunga mwenyewe. Kitenzi ukikirudia kinashika mstari mzima: dd, yy. Vitenzi vitatu na umbali kumi ni sentensi thelathini.

Ila jihadharini, Vim haijui Kiswahili. Andika "ng'ambo", weka kishale mwanzo, bonyeza dw. Imeondoka ng peke yake! Kwake ritifaa si sehemu ya neno. Tumia W kubwa, inayohesabu neno kwa nafasi tupu: dW, na ng'ambo yote inaondoka. Mimi nimehangaika na ng'ombe na ng'ambo muda mrefu kabla ya kujua hilo.

Na nukta. Nukta inarudia badiliko la mwisho. Tafuta neno kwa /, libadili kwa cw, Esc, kisha n, nukta, n, nukta. Mtu akinikatalia Vim yote, hii nukta nitamwomba aichukue.

Miaka yangu ya mwanzo niliwahi kubonyeza Ctrl na S nikidhani nasevu. Skrini ikaganda. Nikazima mashine kwa hasira. Terminali nyingi zinaichukua hiyo kama amri ya kusimamisha. Ctrl na Q ingeifungua papo hapo. Kusevu na kutoka ni :wq, kutoka bila kusevu ni :q! Umeme ukikatika katikati ya kazi, usilie: Vim huweka faili la akiba lenye mkia wa .swp, fungua kwa vim -r na jina la faili lako.

Kubadili mstari mmoja kwa nano, programu nyingine nyepesi ya kuhariri, si aibu, amri zake zimeandikwa pale chini. Lakini Vim imewafikia majirani zetu kabla yetu: Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa 1991 na kuitunza mpaka alipofariki Agosti 2023, aliomba watumiaji wachangie watoto wa Uganda. Ombi hilo limo kwenye programu yenyewe.

Sasa fungueni mashine, andikeni vimtutor, ni somo la Vim lenyewe, kama nusu saa. Na wewe kaka wa mgebuka, bado uko kwenye hali ya kuandika. Bonyeza Esc kwanza.