Mama Mwenye Daftari

(Mazungumzo ya Siku ya Wazee Duniani, Tukuyu, wilayani Rungwe)

Shikamooni wazee wetu. Viongozi wa dini, viongozi wa kijiji na wa halmashauri, akina mama wa kwaya mliotuimbia na mvua hii yote, wadogo zangu na wanangu, habari za asubuhi.

Leo ni tarehe 1 Oktoba, na kamati imeniomba nizungumze kuhusu mama yangu. Yupo hapa mstari wa mbele. Ana miaka 86, na ameshaniambia nisirefushe.

Nimehudhuria misiba mingi hapa kwetu, na sifa za akina mama nazijua. Alivumilia, alinyamaza, alimwachia Mungu. Mama yangu ni mtu wa sala, Wamoravian wenzake ni mashahidi. Lakini kunyamaza, hapana. Alitulea kwa akili: alipiga hesabu, alibishana, alidai. Tukimsifia uvumilivu peke yake tutakuwa tumemnyima sehemu kubwa ya sifa yake, na mimi sitaki wajukuu wake warithi sifa pungufu.

Tuanze na chai. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, madarasa ya kisomo yalifunguliwa kila mahali, makanisani na hata chini ya miti. Mama alikwenda na mtoto mgongoni, na mtoto huyo ndiye anayesema nanyi. Wenzake wengi walitaka kusoma Biblia, au barua za waume zao waliokuwa migodini. Yeye alitaka kusoma mzani.

Ninyi wakulima wa chai mnanielewa. Jani bichi likishachumwa linanyauka, na kadiri linavyokaa ndivyo uzito unavyopungua. Kwa hiyo mtu anafika kwenye kituo cha kuuzia chai jioni, amechoka, ana haraka, anapokea karatasi anayopewa na kuondoka. Mama alipozijua tarakimu akaazima mzani wa kuning'iniza kwa jirani aliyekuwa akiuza nyama. Anapima kapu nyumbani, anaandika kwenye daftari, halafu anaongozana na kapu lake hadi kituoni. Siku kilo zilipopishana kupita kiasi hakupiga kelele. Alifungua daftari mezani kwa karani, akaweka kidole kwenye mstari wa siku ile, akasimama. Foleni nyuma yake nayo ikasimama. Kapu likapimwa upya.

Baada ya hapo wanawake wa kitongoji wakaanza kumletea karatasi zao awasomee. Hakuwasomea. Aliwakalisha jikoni, wakati maharage yanachemka, akawafundisha kuchora moja, mbili, tatu kwa mkaa. Baadhi yao wako humu ukumbini. Ada zetu za shule zilitoka kwenye kapu lile, na za watoto wao pia.

Sasa miaka ya 1990. Hapa mtanivumilia nikae kidogo. Hakuna familia ya Mbeya au Iringa inayohitaji kusimuliwa UKIMWI ulivyotupitia. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure katika hospitali zetu mwaka 2004, na kaka yangu hakuufikia mwaka huo. Alirudi nyumbani kutoka mjini amebebwa. Watu waliokuwa wakishinda kwetu wakaacha kuja, na waliokuja walisalimia wamesimama barabarani, hawagusi kikombe.

Mama hakwenda kumlaumu mtu. Kila siku mchana alimtoa kaka, akamkalisha kwenye mkeka mbele ya mlango, pale njia ya kisimani inapopita. Akaleta ndizi na maharage kwenye sahani moja, wakala wote wawili, mkono wa mama na mkono wa kaka. Wapita njia wote waliona. Angeweza kula naye ndani, chumbani, na upendo ungekuwa ule ule. Alichagua mlangoni, saa ya watu kuteka maji, kwa sababu alijua nani anapita saa ngapi. Haikupita muda mrefu jirani mmoja akaweka ndoo chini, akaja kukaa. Halafu wa pili.

Kaka alipofariki, na baadaye mke wake, watoto walibaki kwa mama. Daftari likabadilika. Kila mjukuu akapewa ukurasa: saizi ya kiatu, chanjo, ada iliyolipwa, ada inayodaiwa, homa ya lini na alipewa dawa gani. Huyu mnayemwona pale, nesi, ukurasa wake umeandikwa kando: "anaogopa giza, alale na dada."

Na bado anadai. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilimtambua mzee kuanzia miaka 60, na ilizungumzia matibabu bure kwa wasio na uwezo. Kuna mahali waliwahi kumwambia dirisha la wazee limefungwa, aende foleni ya kawaida. Aliwaita wazee wenzake, wakapanga viti mbele ya dirisha lile lile, wakakaa. Likafunguliwa kabla ya saa nne.

Nilikuwa na mengine, ila ameshanipungia mkono mara ya pili. Ana jambo lake kuhusu daraja la njia ya zahanati, na amekuja na daftari. Waheshimiwa wa halmashauri, naomba msogee karibu, sauti yake siku hizi haifiki nyuma. Mama, karibu.