Nani Amekutuma?

Ndugu wasikilizaji, nimeombwa nizungumzie neno moja la Kiingereza cha mitaani, "clout". Kamusi nyingi zitakwambia ni ushawishi, basi. Lakini ushawishi wa namna gani, na unatoka kwa nani?

Asili yake ni kipande cha nguo, kiraka. Kisha likawa pigo zito la mkono. Vijana wa mitandaoni leo wanalitumia kwa umaarufu wa wafuasi, na anayeuhangaikia sisi tunasema anatafuta kiki. Tafsiri hiyo imekaa vizuri sana. Ila maana ya siasa ni nyingine kabisa, na ilikomaa Chicago, jiji la Marekani.

Mwaka 1948 Abner Mikva, mwanafunzi wa sheria, aliingia ofisi ya kata ya chama cha Democratic akitaka kujitolea kwenye kampeni. Hakuomba hata senti. Bwana mkubwa wa pale akamuuliza, "Nani amekutuma?" Akajibu, hakuna aliyenituma. Akaambiwa hawamtaki mtu ambaye hakutumwa na mtu. Mikva aliyasimulia haya mwenyewe, alipokwisha kuwa mbunge na jaji.

Hiyo ndiyo clout: kuwa na mtu. Si cheo chako wala elimu yako. Chini ya meya Richard J. Daley, 1955 hadi 1976, maelfu ya kazi za jiji zilipitia chamani, na aliyepewa kazi alilipa fadhila kwa kuzunguka nyumba hadi nyumba akisaka kura. Wakili Michael Shakman alifungua kesi kupinga utaratibu huo mwaka 1969. Marufuku ya kumfukuza mtu kazi kwa sababu za kisiasa ilipatikana 1972. Ile ya kuajiri kwa kuangalia chama ikangoja mpaka 1983. Miaka kumi na moja! Nani anajua ni wangapi walirudishwa mlangoni?

Halafu 2009, gazeti la Chicago Tribune likafichua kwamba Chuo Kikuu cha Illinois kilikuwa na orodha ya waombaji wanaosukumwa na wanasiasa na wadhamini, baadhi yao wakiingia kwa alama dhaifu. Rais wa chuo alijiuzulu mwaka huohuo. Orodha ile iliitwa ya clout. Naomba wanahabari wetu wasiandike "orodha ya wanafunzi muhimu". Andikeni orodha ya waliobebwa, ili msomaji ajue kuna mtoto mwenye alama zake aliyeachwa nje.