Zile Nyingine Zimekwenda Wapi?

Ndugu zangu, udogo wa chembe nano, hizi zinazopimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya bilioni ya mita, sitauzungumzia. Mmeshausikia hadi masikio yamechoka. Nina swali moja ninalokwenda nalo kila ninakoalikwa: tukimdunga mgonjwa chembe elfu moja ili zituonyeshe uvimbe wa saratani, ni ngapi zinazofika?

Mwaka 2016 watafiti wa Toronto walikusanya matokeo ya tafiti za miaka 10, zilizofanywa kwa wanyama wa maabara, wakapata kiwango cha kati cha asilimia 0.7. Saba katika elfu! Basi zile 993 ziko wapi?

Tazameni picha hizi za MRI, zinazopigwa kwa sumaku. Ya kwanza ni ini kabla ya sindano: kijivu kitupu, uvimbe unauona kwa kukisia. Ya pili ni baada ya kudunga chembe za oksidi ya chuma. Ini limekuwa jeusi tii, na hapa pembeni limebaki doa jeupe. Doa hilo ndilo saratani. Seli za Kupffer, ambazo kazi yake ni kufagia takataka za damu, zimezimeza chembe, na chuma kikazima mwangwi wa sumaku unaochora picha pale zilipo. Uvimbe uliohamia kutoka kiungo kingine hauna seli hizo, kwa hiyo haukumeza kitu. Naomba mtulie hapa kidogo: daktari ameuona uvimbe kwa sababu chembe hazikuingia ndani yake. Waliobuni dawa hii hawakushindana na ini. Waliliachia ini lifanye kazi.

Najua yuko atakayesema, "Tuzivike PEG, ule utando wa polima, ini lisizitambue." Tunazivika, na zinakaa kwenye damu muda mrefu zaidi. Lakini zikishaingia tu, protini za damu huanza kuzigandia, na seli ya ini inakutana na protini hizo kabla ya vazi letu. Tumeichelewesha safari ya kwenda kwenye ini, hatujaifuta. Mwingine atasema tuzipunguze ukubwa. Sawa. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwa wanyama kwamba zilizo chini ya nanomita 5.5 hivi hupita kwenye figo na kutoka na mkojo. Lakini kinachotoka upesi hakikupi muda wa kukusanyika kwenye uvimbe. Ndiyo maana sichoki kuuliza habari ya zile zinazobaki.

Chuma kikibaki, mwili unakivunja na kukitumia kutengeneza damu. Ferumoxytol, ambayo ni chembe za oksidi ya chuma, iliidhinishwa Marekani mwaka 2009 kama dawa ya upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo. Wapiga picha wakaiazima, hasa kwa wale wasiofaa kupewa gadolini, dawa ya kawaida ya kung'arisha picha za MRI. Ina hatari ya mzio mkali, ndiyo, na lazima mgonjwa aangaliwe. Lakini kadimi, metali yenye sumu, iliyomo kwenye baadhi ya chembe zinazong'aa, mwili utaifanyia nini?

Naonyeshwa saa. Dhahabu basi kwa ufupi: inazuia eksirei vizuri kuliko iodini inayotumika kwa kawaida, picha za CT, zile za eksirei zinazoonyesha mwili vipande vipande, zinapendeza, lakini chembe zisizotoka na mkojo hukaa kwenye ini na wengu kwa muda mrefu.

Wanafunzi wangu mnanifahamu. Ukiniletea rasimu yenye picha nzuri ya uvimbe unaong'aa, nitafungua kwanza jedwali la chembe zilizobaki kwenye ini na wengu. Lisipokuwepo, nairudisha kabla sijasoma ukurasa wa pili.