Kati ya Kifaransa cha darasani na Kiswahili cha sokoni: mhadhara kwa wanafunzi wa uandishi wa habari, Bukavu

Muko bazima? Aksanti. Viti vya mbele viko wazi kama misa ya alfajiri. Sogeeni, mimi siumi.

Mkuu wenu ameniomba niwaambie mtafanya kazi wapi mkishapata diploma. Nitafika huko. Kwanza nimesikia mmoja wenu mlangoni akilalamika: kamera moja, rikoda mbili, na umeme ukikatika mwalimu anaendelea kwa mdomo. Nami nilisoma hivyo hivyo. Ila mko kumi na wanane. Kila zoezi lenu linasomwa lote na linarudi na wino mwekundu. Penye wanafunzi mia mbili, nani atakusomea?

Sasa shida yenyewe. Mnafundishwa kwa Kifaransa, mtihani ni Kifaransa, halafu mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo, sokoni Kadutu anawasikiliza kwa Kiswahili. Hapo katikati ndipo kazi yetu ilipo, na hapo ndipo nilipoanguka.

Mwaka wangu wa kwanza redioni nililetewa karatasi ya mahakama, dakika nne kabla ya habari. Kijana fulani amepewa "liberté provisoire". Nikasoma hewani: "Ameachiliwa huru." Kesho yake mama yake akaja hadi mlangoni kwetu, kitenge kipya, ndizi mkononi, kunishukuru. Nami nikala zile ndizi! Siku ya kusikilizwa kesi kijana hakwenda, maana redio imesema yuko huru. Wakamfuata nyumbani. Ningesema "ametolewa kwa muda, kesi inaendelea". Maneno matano tu. Yule mama hakurudi tena, na mimi nilipita njia nyingine miezi mingi ili nisikutane naye.

Haya, kazi. Redio kwanza. Hapa kwetu Radio Maendeleo ilianza 1993. Radio Okapi ilianza Februari 2002, kwa Kifaransa na lugha zetu nne za taifa. Redio ndogo za mitaani na vijijini ni nyingi, na mishahara yao mnaijua. Ndiyo maana kuna kupaje. Naona mnacheka! Mkutano umeisha, mtu anakupitishia bahasha, "nauli yako, ndugu". Niliwahi kuipokea. Jioni nikakaa kuandika kwamba kisima walichozindua hakitoi maji, na sentensi ikakataa kutoka. Nikaandika kuhusu hotuba.

Kuna kazi ya mawasiliano katika mashirika. Inalipa vizuri zaidi, lakini MONUSCO, kikosi cha amani cha Umoja wa Mataifa, ilipofunga kazi zake Kivu Kusini mwaka 2024, nafasi zilipungua. Kuna kuwaongoza na kuwatafsiria waandishi wageni. Na kuna idhaa za Kiswahili za BBC, Deutsche Welle na RFI. Idhaa hizo hazikuulizi chuo chako kilikuwa na ghorofa ngapi. Zinataka dakika mbili za sauti safi kutoka Kalehe au Uvira, majina yametamkwa sawasawa, na Kiswahili ambacho mtu wa Mombasa na mtu wa Fizi wote watakielewa.

Wazazi wenu wakiniuliza kama kazi hii ina hatari, siwafichi. Serge Maheshe aliuawa Juni 2007. Didace Namujimbo, Novemba 2008. Wote wa Radio Okapi, wote hapa hapa Bukavu. Mzazi akikukatalia baada ya kusikia hayo, usimwite mshamba.

Maswali tutayachukua nje, mvua ikikubali. Kabla hamjatoka, andikeni: "présomption d'innocence", yaani mtuhumiwa anahesabiwa hana hatia mpaka mahakama iseme anayo. Nendeni Kadutu, mkae na mama wa sambaza, mumweleze, halafu msikilize yeye angelisemaje. Ijumaa kila mmoja aniletee alivyosema yule mama, kwa maneno yasiyozidi matano. Na mnunue samaki. Msimpotezee mama wa watu muda wake bure.