Kuskani Siyo Kuhifadhi

Ndugu zangu, walionisikia kabla ya leo wanajua ninakoelekea, na naona wengine mmeshaanza kutabasamu. Nitarudia tu. Ofisi ikikwambia "tumeshaingia dijitali", mara nyingi maana yake ni kwamba kabati zima limepitishwa kwenye skana na sasa kuna folda moja yenye Scan001, Scan002, mpaka macho yaume. Mkaguzi akija haulizi kama una skana. Anataka waraka fulani, anautaka sasa, na anataka uthibitisho kwamba haujaguswa.

Tuanze na skana yenyewe, maana watu wanaiamini kupita kiasi. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, aligundua jambo kwenye mashine za kunakili na kuskani za Xerox WorkCentre. Ramani ya jengo ilikuwa na vyumba vitatu: mita za mraba 14.13, 21.11 na 17.42. Nakala ikatoka vyote vitatu 14.13! Tatizo halikuwa karatasi. Chanzo kilikuwa mbinu ya kubana faili iitwayo JBIG2: hutafuta vipande vya picha vinavyofanana, huhifadhi kimoja, kisha hukibandika kila mahali. Maandishi yakiwa madogo, 6 na 8 huonekana ndugu. Ingetoka na ukungu, mtu angeskani upya. Hii ilitoka nyeusi, safi, imenyooka, na ni uongo. Hebu fikiria hiyo ni ankara na tarakimu ni ya kodi.

Mtu ataniambia hayo ni ya zamani, kampuni ilishatoa marekebisho. Ni kweli ilitoa. Mipangilio ya mashine yako umeitazama lini? Nani aliiweka? Kimya, kama kawaida.

Basi fanyeni hivi. Toa pini zote kwanza, zikibaki, kurasa mbili huvutwa pamoja na moja inapotea bila kelele. Weka nukta 300 kwa inchi kwa maandishi ya kawaida, 400 au 600 kwa yale madogo. Washa pande mbili, kwa sababu masharti ya mkataba hupenda kukaa nyuma ya karatasi. Zima mbano unaopoteza taarifa. Hifadhi kwa PDF/A, aina ya PDF ya kuhifadhi nyaraka kwa muda mrefu, kiwango cha ISO 19005 kilichotolewa mara ya kwanza 2005: hubeba fonti zake ndani na hakiruhusu faili kufungwa kwa nywila, kwa hiyo aliyeondoka kazini haondoki na ufunguo.

Kisha mtu wa pili, siyo aliyeskani, ahesabu kurasa za bunda na za faili, alinganishe jumla, kodi, tarehe na namba ya ankara. Programu ya kutambua maandishi isimdanganye. Mhuri ukilala juu ya namba, inasoma inavyotaka. Ile ni ya kutafutia tu. Akiridhika, faili ipigiwe heshi ya SHA-256 papo hapo, yaani alama ya kidole ya faili, ambayo hubadilika faili likiguswa hata kidogo, na heshi hiyo ikae pengine. Ukiiweka folda ileile, anayeweza kubadili faili atabadili na heshi, mmecheza mchezo wa watoto.

"Karatasi tuchome lini?" Siyo siku ya kuskani. Ni baada ya uhakiki huo, na baada ya mwanasheria kukwambia zipi sheria yenu bado inadai asili yake.

Jina la faili lianze na mwaka: 2024-03-15, aina ya waraka, mhusika, namba. Orodha itajipanga yenyewe. "Mkataba_mwisho_kabisa2" ni kilio cha msaada.

Naoneshwa saa, kwa hiyo haraka haraka. Muda wa kuhifadhi hauhesabiwi tangu siku ya kuskani; wa mkataba, kwa kawaida, huanza mkataba wenyewe unapokwisha. Kukiwa na kesi au uchunguzi, simamisha ufutaji wote, pamoja na ule wa kiotomatiki. Mwaka 2001 kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Arthur Andersen ilikuwa ikichana nyaraka za mteja wake, kampuni ya nishati ya Enron, wakati uchunguzi unanukia, na sheria ya Sarbanes-Oxley ya 2002 ikaweka kifungo cha hadi miaka 20 Marekani kwa kuharibu kumbukumbu ili kukwamisha uchunguzi. Wala usijifiche kwa kuhifadhi kila kitu milele: GDPR, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa za watu, inakataza kukaa nazo kupita muda unaohitajika.

Chelezo: nakala tatu, vifaa vya aina mbili, moja nje ya jengo, na ujaribu kurejesha faili kweli. Ruhusa za kuingia sitazigusa leo, ila rekodi ya nani alifungua na nani alibadili isikae mikononi mwa msimamizi yuleyule anayeweza kufuta.

Haya, maswali. Anayetaka kujua anunue skana ipi asubiri wenzake wamalize.